Kijiji Kilichobaki Kwenye Ramani

Nasikia siku hizi mkipewa safari ya chanjo mnatoa simu tu, mnaandika jina la kijiji, na sauti ya mwanamke inawaambia mpinde kushoto, mpinde kulia. Nimefurahi kusikia hivyo. Sisi tulizunguka sana. Ila juzi binti mmoja anayefanya kazi niliyoifanya mimi alipita kunisalimia hapa mtaani Rahaleo, Mtwara, akanisimulia jinsi yule mwanamke wa kwenye simu alivyonyamaza ghafla huko bondeni Ruvuma mtandao ulipokatika, yeye na dereva wakabaki wanatazamana. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Halafu nikamwonea huruma, nikamwambia akae tuongee habari za ramani. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Haya ninayowaandikia ni yale niliyomwambia yeye, pamoja na jambo moja ambalo sikumwambia, kwa sababu ningelia mbele yake na mimi sipendi kulia mbele ya wageni.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilizaliwa Upareni, kwenye milima na baridi, nikaletwa Mtwara na uhamisho wa serikali nikiwa bado msichana. Nilidhani nitakaa kidogo kisha niombe kurudi kwetu. Nimezeekea hapa. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa huduma ya mkoba: tunapakia chanjo kwenye makasha ya baridi, tunapanda gari, tunawafuata akina mama na watoto wao kwenye vijiji visivyo na zahanati. Mwenzangu wa safari alikuwa Hashimu, dereva, Mmakonde wa Ziwani, mtu mrefu mwenye maneno machache asubuhi na mengi sana mchana akishashiba.

Chanjo inakaa kwenye barafu, na barafu haijui kwamba mmepotea. Inayeyuka tu. Mkichelewa sana njiani, mnaweza kufika mkakuta akina mama wamekaa wanawasubiri, nanyi mmebeba maji. Ndiyo maana muuguzi kama mimi nikajikuta nahangaika na ramani, kitu ambacho hakuna aliyenifundisha chuoni.

Mwanzoni, miaka ya tisini, niliiamini ramani kuliko macho yangu. Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa pili wa mikoko, karibu na mto unapoingia baharini. Ramani niliyoazima ilionyesha njia iliyonyooka mpaka pale, na njia kweli ilikuwepo. Ambacho ramani haikusema ni kwamba bahari nayo inaitumia njia hiyohiyo. Tulikwenda siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine zote, nasi tukaingia mikokoni kama watu wanaokwenda sokoni. Matairi yakazama. Hashimu akazima injini, akavua viatu, akavipanga juu ya boneti kama anaingia msikitini.

"Sista," akaniambia, "aliyechora ramani yako alikuja maji yakiwa yamekupwa."

Tulikaa juu ya gari tukiyaangalia maji yanavyopanda. Kijiji kilikuwa karibu kiasi cha kuwasikia majogoo wake. Mimi nawaza barafu. Basi wale akina mama walipoona gari halisogei, wakakunja kanga, wakabeba watoto mabegani, wakatufuata wao. Tulichanja pale pale, kadi za watoto nimezibana chini ya vifuta vioo zisipeperuke. Mama mmoja aliyekuwa majini mpaka kiunoni akasema, "Leo zahanati imekuja kuoga." Nadhani Hashimu aliisimulia habari hiyo kila wiki mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo mlichukue hilo la kwanza. Ramani haina saa na haina mwezi. Haijui maji yamejaa au yamekupwa, haijui masika imeanza. Hayo waulizeni watu wanaoishi pale, waulizeni kabla ya kuondoka, na wakiwajibu waaminini.

Aliyenifundisha kuisoma ramani yenyewe alikuwa Mzee Komba. Alikuwa mchora ramani, Mngoni wa kutoka Songea, mtu wa shati jeupe na kalamu nyembamba nyembamba zilizopangwa mbele yake kama vifaa vya upasuaji. Nilimwendea siku chache baada ya kuwatembeza wenzangu njia ambayo kwenye karatasi ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha shahada. Kumbe ilikuwa inapanda ukingo wa uwanda wa juu. Tulipanda na makasha kichwani, tukitumia mikono kama nyani, na tulipofika juu hakuna aliyetaka kunisemesha.

Mzee Komba hakunicheka. Alisema, "Kunja ngumi." Nikakunja. Akachukua kalamu, akaanza kuchora duara kuzunguka kifundo kimoja kimoja cha vidole vyangu, kisha duara kubwa zaidi chini yake, kisha nyingine, mpaka ngumi yangu ikajaa mistari. "Huu ni mlima," akasema. "Kila mstari unapita kwenye kimo kimoja. Sasa fungua mkono, uutandaze mezani."

Nikautandaza. Mlima ukawa karatasi.

"Hizo ndizo kontua. Tazama hapa ilipobanana. Hapo ndipo magoti yataumia. Tazama hapa ilipoachana. Hapo utatembea unaimba. Usiniulize tena njia ipi ni fupi. Uliza ipi imeachana mistari."

Nilirudi nyumbani na wino mkononi, mume wangu akauliza ni nani aliyenichora. Nikamwambia ni mwanaume wa idara ya ardhi. Hakulala vizuri, lakini sisi tangu siku hiyo tulifika vijijini na barafu yetu. Jaribuni wenyewe. Hakuna darasa la ramani linalozidi ngumi yako mwenyewe.

Hizo zilikuwa ramani za karatasi, za kuazima kwa kubembeleza. Ramani ya bure ya kwenye kompyuta nilikutana nayo baadaye, miaka ya elfu mbili, na iliyonifanya niitafute haikuwa chanjo. Ndilo lile jambo nililowaambia.

Hashimu aliishi Ziwani na mama yake, Bibi Asumini. Tukipita na gari tulikuwa tunasimama kumwamkia. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na hakuruhusu mtu aondoke kwake mikono mitupu; kama hakuna korosho, utapewa muhogo wa kuchoma uliofungwa kwenye jani. Na kila mara, kabla hatujaagana, alikuwa ananiuliza swali moja.

"Huko mnakopita, mwanangu, Nachimbedu mmefika?"

Mimi namtazama Hashimu. Hashimu anatazama matairi.

Katika vijiji vyetu vyote hakikuwemo kinachoitwa Nachimbedu. Siku moja njiani nikamuuliza Hashimu, naye akanieleza bila kuondoa macho barabarani. Nachimbedu ndiko alikozaliwa mama yake na ndiko alikoolewa, huko juu ya bonde la Ruvuma. Watu walihamishwa wote walipotakiwa kukaa kwenye vijiji vikubwa, Hashimu akiwa bado hajazaliwa, na pori likapachukua. Pale alizikwa dada yake, mtoto wa kwanza wa mama yake. Aliitwa Somoe. Alikufa mdogo, kwa surua.

Nyuma yetu kwenye kasha mlikuwa na chanjo ya surua ya kijiji kizima.

"Si tumtafutie tu," nikasema. "Tunapita huko kila mwezi."

"Sista, usimtafutie."

"Kwa nini?"

"Akipaona atataka azikwe pale, na mwanawe. Atanitaka niahidi. Mama akikuomba ahadi utamkatalia? Halafu mimi niwe namzuru wapi? Porini? Wajukuu wake watamjua vipi?" Akabadilisha gia. "Acha aulize tu. Kuuliza kunamtosha."

Nikaacha. Kilichobadilisha mambo ni macho. Bibi alianza kupoteza kuona, jicho la kushoto kwanza. Tulimpeleka kwa daktari, akatuambia hili la pili nalo linafuata, na kwa aina ya ugonjwa aliokuwa nao hakuna cha kufanya. Bibi alilipokea hilo vizuri kuliko sisi. Tulipokuwa tunamrudisha nyumbani alisema, kwa utani wake uleule, "Jicho moja limeshafunga duka. Hili lingine naliwekea Nachimbedu."

Siku iliyofuata Hashimu alikuja kwangu asubuhi, hajanywa chai, hata kuamkiana hatukumaliza.

"Itafute," akasema.

Nilikwenda kwa Mzee Komba, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Akasema karatasi ya eneo lile anaikumbuka, lakini mchwa waliila yeye akiwa bado kazini. Hata hivyo akanionyesha kitu ambacho kitawasaidia hata ninyi. Kila ramani ya aina ile ina namba yake, na pembeni chini kuna mchoro mdogo wa visanduku unaoonyesha namba za ramani jirani. Mimi nilikuwa na ramani jirani. Tukasoma kisanduku cha kusini yake, tukapata namba.

Basi nikaenda kwenye duka la intaneti mjini. Mwenye duka alikuwa dada mmoja mpole ambaye alinivumilia sana, kwa sababu nilikuwa nabonyeza kile kipanya kana kwamba naua mbu. Nikaandika Nachimbedu. Hakuna kitu. Nikaandika Mtwara na neno ramani, nikaletewa hoteli. Nikaandika ile namba peke yake, nikaletewa vipuri vya magari. Siku ya tatu au ya nne ya kurudi pale ndipo dada akaniuliza, "Hiyo ramani ilichorwa lini, mama?" Nikamwambia ni ya zamani, kabla ya Muungano. "Sasa mbona unaitafuta Tanzania?"

Tukaandika Tanganyika, na ile namba, na skeli yake. Ikaja. Maktaba ya chuo kimoja cha ng'ambo ilikuwa imezipiga picha ramani za zamani za sura ya nchi, vilima na mito na kila kitu, na kuziweka hapo kwa yeyote anayetaka, bure. Nilimuuliza dada mara mbili kama kweli ni bure. Nilikuwa nimewabembeleza watu miaka yote ile kwa karatasi moja.

Kwa hiyo mkitafuta, tafuteni kwa namba ya ramani, na kwa jina la nchi la wakati ule, na mjaribu tahajia zote. Mto wetu wengine waliuandika Rovuma. Majina yetu yaliandikwa na watu waliokuwa wanasikia kwa shida.

Kuishusha ile picha kulikuwa kazi nyingine. Ilikuwa faili kubwa, mtandao mwembamba, na umeme wa Mtwara wa wakati ule mnaujua au mmesimuliwa. Inashuka nusu, umeme unakatika, tunaanza upya. Dada yule akawa ananianzishia asubuhi anapofungua duka, mimi nikiwa kazini. Mpaka mchana mmoja akanipigia. "Mama, mgeni wako amefika."

Nilikwenda na Hashimu. Tukaikuza picha polepole, tukashuka nayo kufuata mto, mistari ya kontua inabanana inapokaribia bonde. Na pale, kwa herufi ndogo zilizolala, palikuwa pameandikwa Nachimbedu. Palikuwa na vinukta vyeusi vya nyumba na alama ya kisima. Hashimu akanyoosha kidole akagusa kioo. Dada akataka kumkataza, kisha akamwacha.

"Moja ya hizi ni nyumba yetu," Hashimu akasema. Sijui kama alikuwa anatuambia sisi.

Sasa nisikilizeni nilivyopanga safari ile, maana katika safari zote nilizopanga ndiyo ninayojivunia. Ramani ya zamani ilinipa jina na mahali. Lakini njia zake zilikuwa zimekufa, kwa hiyo nikatafuta picha ya setilaiti, nayo ya bure, ya ukungu ukungu kama ilivyokuwa wakati ule, nikaona barabara ipi bado iko hai na mikorosho mipya imefika wapi. Kisha nikarudi kwenye kontua. Njia fupi kutoka barabarani ilikuwa inashuka korongo na kupanda tena. Kijana angeipita bila taabu. Mimi nilikuwa namsafirisha bibi wa magoti mabovu na jicho moja. Nikachagua mgongo wa kilima, ambako mistari imeachana, njia inazunguka mbali lakini hakuna pa kupanda. Nikatia alama mahali pa kupumzika. Nilihesabu mwendo wake, sikuhesabu wangu. Mkipanga safari mpangie yule wa nyuma kabisa, wa mbele atafika tu.

Dada akanichapia ramani vipande vipande, kwa sababu karatasi zake zilikuwa ndogo. Nikakata kingo kwa mkasi ziungane vizuri, nikazigundisha, nikazivisha nailoni. Nikaingiza namba za mahali pale kwenye kifaa cha GPS tulichokuwa tumepewa kazini. Hashimu akaazima pikapu ya shemeji yake wa Mpapura anayebeba korosho, na Jumamosi tukaondoka.

Bibi alivaa kanga mpya. Tulipoliacha gari tukamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku, tukatembea juu ya mgongo wa kilima taratibu, na alipochoka tulikuwa tumeshafika penye kivuli. Kifaa kikalia kwamba tumefika.

Palikuwa kichaka. Kichaka kitupu cha miiba, hakuna jiwe, hakuna kigae. Bibi akasimama, akageuza kichwa kutafuta kwa lile jicho lake, akashika kijiti kimoja akakikunja.

"Si hapa," akasema. "Hapa tulikuwa tunakuja kukata fito za kujengea."

Tulitafuta upande wa juu, kaskazini, ambako pori lilikuwa wazi kidogo. Hashimu alikata njia na panga mpaka shati likamganda mgongoni. Hatukuona kitu. Jua likaanza kugeuka, na mimi nikaanza kuhesabu magoti ya Bibi na mwendo wa kurudi. Hashimu alikitazama kile kifaa kwa hasira, nikakichukua mkononi mwake kabla hajakitupa.

Bibi ndiye aliyetubembeleza sisi. "Basi, wanangu. Turudini. Nimefika penye fito zake, si haba." Na kwenye gari alilala begani kwangu, mwepesi kama kitoto.

Nilikwenda kwa Mzee Komba. Nikamtandikia ramani yangu yenye nailoni, nikamweleza. Akainama juu yake muda mrefu.

"Pembezoni pameandikwa nini?"

"Nilizikata kingo ili vipande viungane."

Akaweka kikombe chini. "Mama Eliya, umemkata ulimi, halafu unalalamika hasemi."

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Dunia si duara safi kama chungwa, kwa hiyo kila aliyepima nchi alichagua kwanza umbo la dunia la kuanzia vipimo vyake. Waliochora ramani za zamani za huku walichagua lao. Vifaa vyetu vya sasa vina jingine. Namba zilezile, ukizisoma kwa msingi tofauti, zinaangukia mahali tofauti. Kwa upande wetu huu tofauti inafika kama mita mia mbili hivi. "Kwenye uwanja wa mpira ungecheka," akasema. "Kwenye kichaka hiyo ni nchi nyingine. Msingi uliotumika huandikwa pembezoni. Soma, kisha ukiambie kifaa chako. Kina mahali pa kuchagua."

Nilikimbia dukani kwa dada. Faili lilikuwepo. Pembezoni, kwa maandishi madogo, paliandikwa kila kitu. Nikachagua msingi ule kwenye kifaa, nikaingiza namba upya, na alama ya Nachimbedu ikasogea mbele ya macho yangu, ikaenda kusini na mashariki kidogo. Sisi tulikuwa tumetafuta kaskazini.

Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na mvua ikianza barabara ile haipitiki. Hashimu alisitasita. Mama yake alikuwa amekohoa wiki nzima. Lakini Jumamosi tulipofika Ziwani tulimkuta amekaa barazani, viatu mguuni.

Safari hii, penye fito, tulishuka kusini. Hashimu mbele na panga, mimi na Bibi nyuma. Tulipita kichaka, tukapita mawe, halafu Hashimu akasimama. Mbele yake palikuwa na mibono, ile miti watu wanayopanda kuwa ua na kutia alama makaburi, lakini mikubwa, mashina mazito, imejipanga mstari kama bado inalinda ua wa mtu. Chini palikuwa na jiwe la kusagia, limelala kifudifudi.

"Niacheni mikono," Bibi akasema.

Tukamwacha. Akatembea peke yake kati ya mibono, anagusa shina hili, anagusa lile, kama mtu anayeamkia watu msibani. Hakukosea hata mara moja. Akafika penye mibono miwili iliyosimama mbali na mingine, mmoja wa kichwani na mmoja wa miguuni, na katikati yake nafasi fupi. Fupi sana. Akakaa chini. Akaweka mkono juu ya majani, akaanza kuongea Kimakonde, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepokea habari za nyumbani na kutoa za kwake.

Hashimu alivua kofia akasoma dua. Mimi niliomba kwa namna ya kwetu, kimoyomoyo. Watoto wengi niliowachanja surua hawakujua wameepuka nini. Mimi siku ile nilikiona, kilikuwa na urefu wa kanga iliyokunjwa.

Alipomaliza, Hashimu akapiga magoti mbele yake. Niliona anavyolitafuta neno.

"Mama, nimepaona. Siku ikifika, kama unataka, nitakuleta hapa. Nitakata barabara mwenyewe. Naahidi."

Bibi alimtazama kwa lile jicho, kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Unilete huku nikae na nani? Na nyani? Nizike Ziwani, karibu na njia, nisikie watoto wakienda shule."

"Sasa miaka yote hii," Hashimu akasema, "kumbe ulikuwa unataka nini huku?"

Bibi aliondoa jani moja juu ya kaburi, akaondoa na jingine.

"Siku ya kuhama tulipakiwa haraka. Nikamwambia, nisubiri hapa, nakuja kukuchukua. Ntoto mdogo ukimwambia akusubiri, atakusubiri." Akapangusa mkono kwenye kanga. "Nimekuja kumwambia asinisubiri tena. Mama yake amezeeka."

Hashimu alianza kung'oa majani kwa mikono, pole pole, kuanzia kichwani kwenda miguuni. Mimi nilisogea kando, nikatoa kifaa, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali tulipo. Kifaa kikaniuliza jina la mahali. Nikaanza kuandika.

"Unaandika nini, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Jina lake, Bibi. Somoe."

"Andika na la baba yake," akasema. "Asije akachanganywa na mtoto wa watu."

Nikaandika.